Kigari cha Mama Joyceline

Asubuhi moja Winifrida, Mama Joyceline kwa wateja wake, aliegesha gari lake, Noah, mbele ya duka lake la vitenge, Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwa anashusha majora pale lori la saruji liliporudi nyuma bila honi, likaubonda ubavu mzima wa Noah. Dereva wa lori akashuka, akakagua lori lake kwanza. Alipoona imevunjika taa moja tu, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Trafiki, Koplo Mrisho, alikuja anatafuna muhogo wa kuchoma. Akauliza lori ni la nani. Alipoambiwa, akaacha kutafuna.

"Mama, usijali," alisema. "Kigari chako kimekwaruzika tu."

Pale pale Noah ikanywea mpaka ikalingana na bajaji, na bonyeo lake ubavuni likapungua nayo. Hakuna aliyeshangaa. Muuza muhogo alisogeza jiko lake kwenye nafasi iliyopatikana, akasema mwenye nguvu mpishe.

Winifrida ilimuuma. Mauzo ya dukani yalitosha pango la fremu tu. Chakula cha nyumbani kilitoka kwa wateja wa Magomeni na Mbagala, aliowapelekea vitenge kwa gari. Mumewe, Gaudens, alimwambia aende akadai fidia, haki ya mtu haipotei. Gaudens ana misemo mingi, leseni hana.

Basi akaipakia Noah kwenye mkokoteni, akaenda nayo Posta, kwenye ofisi ya bima ya lile lori. Alipokelewa na Elisaria, kijana wa tai na manukato. Walipogundua wote kwao Rombo, Elisaria akamwamkia shikamoo, akamwagizia soda, akamwita dada. Undugu bwana! Soda ilipoisha, akachungulia dirishani na kusema kijigari kama kile hakihitaji haraka, aje wiki ijayo. Winifrida aliposhuka chini alikuta Noah inaenea kwenye kikapu.

Wiki iliyofuata aliibeba kwa kikapu. Meneja naye akaiita kijigari, mkaguzi akarudia, na mfagizi aliyekuwa anapita akaona naye asipitwe. Kila aliyetia neno aliipunguza. Ilipofika saizi ya kiberiti, Elisaria akaita kikao, akatoa uamuzi.

"Dada, sisi tunalipa magari. Na hiki, tuambizane ukweli, si gari."

"Mimi nilileta gari," Winifrida akajibu. "Kigari mmekileta nyie."

Alisema kweli, lakini maneno yake hayakuwa na muhuri. Noah haikuongezeka hata unywele.

"Sasa sikiliza, wewe kimama..." Elisaria akaanza.

Winifrida akasikia kiatu cha kulia kinampwaya. Hakungoja amalize. Alikwapua Noah yake, akashuka ngazi mbio huku viatu vyote viwili vikimvuka.

Lile lori nalo halikubaki vilevile. Kituoni kwa polisi kila walipolitaja walisema lori la mheshimiwa, na kila walipolitaja liliongezeka. Siku hizi likiingia Narung'ombe vijana hutangulia na fito kuliinulia nyaya za umeme, na kibarazani ghorofa ya pili watu huanua nguo zao. Taa iliyovunjika haijabadilishwa. Mwenye mali haoni sababu.

Leo limeegeshwa mbele ya duka la Mama Joyceline, palepale pa Noah, na Koplo Mrisho anazuia watu wasilisogelee, wasije wakalichafua. Winifrida akafungua kopo la pini, akaitoa Noah, akaiweka kiganjani.

"Gari," akaiambia, kama anavyoiambia kila asubuhi.

Ikawasha taa zake mbili, basi. Akairudisha koponi. Akasindilia gazeti kwenye viatu, akajitwika majora matatu kichwani, akashika njia ya Magomeni kwa miguu. Nyuma yake lori likaanza kurudi nyuma, bila honi.