Chumba cha Stamatis

Lefteris aliapa mahakamani kwamba mgodi wake umekufa na yeye hana mbele wala nyuma. Cha kugawana katika talaka hii, alisema, ni nyumba tu, basi iuzwe kila mtu ashike njia yake. Mwanamume yule anajua kulia akitaka, na siku hiyo alitaka.

Nyumba yao, kama nyingi za Coober Pedy, mji wa migodi huko Australia, ilichimbwa ndani ya kilima, na mkewe Anthoula hakuwa tayari kuiacha. Mtoto wao Stamatis alitumbukia katika shimo la mgodi wa zamani akiwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya mazishi mama alifunga mlango wa chumba chake, asiufungue tena. Lakini mwaka jana, gari la Lefteris likishaondoka asubuhi, alianza kusikia kitu humo ndani. Ngo, ngo. Kimya. Kisha tena. Mtoto yule alipenda kugongagonga kuta akitafuta opali, yale mawe ya thamani yanayochimbwa huko. Anthoula akavuta kiti mpaka mlangoni, akawa anamenya viazi pale pale huku akimsimulia habari za mjini.

"Ni yeye," Lefteris alimwambia. "Mwache acheze."

Lefteris alipohamia kwa mwanamke wake wa Adelaide, sauti ilikoma. Anthoula akaamini mtoto amenuna kwa sababu ya baba yake, na kwamba atarudi akizoea.

"Wachukue chochote, nyumba waniachie," alimsihi mwanasheria wake kwa simu.

"Kwa kipi, mama? Nusu ya mwenzio utailipa na nini? Labda tumkamate na mali nyingine aliyoificha."

Kisha mthamini akaagiza kila chumba kifunguliwe apime. Anthoula akapiga moyo konde, akaingia. Taa ya humo ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alishika ile taa yake ya zambarau, wanayotumia akina mama wa hapa kuchakura vifusi, maana opali hung'aa chini yake. Aliona kitanda. Aliona viatu. Juu ya kitanda, ukutani, pakang'aa kipande cha upana wa sinia, cheupe kama maziwa.

Alielewa papo hapo. Huku kuta hupakwa gundi ili zisipukutike, nayo gundi pia hung'aa chini ya taa ile, ila ya zamani hufifia kwa vumbi. Hii ilikuwa mpya. Lefteris hakuweza kuacha ukuta ukimwaga vumbi hata alipokuwa anaiba. Alikuwa akijifanya ameondoka, kisha anapitia kamlango ka nje ka chumba hicho, nyuma ya kilima, akijua mkewe hatakanyaga humo.

Alichukua sururu ndogo ya mtoto, akapiga ukuta. Ngo.

Akaganda. Akapiga tena, polepole, akiomba awe amesikia vibaya. Ilikuwa sauti ile ile.

Ndani ya tundu mlikuwa na chupa za zeituni zilizojaa opali. Mwanasheria alichekelea aliposikia, akasema kwa mali hiyo iliyofichwa, nyumba sasa ni ya mteja wake bila shaka. Anthoula alikata simu bila kushukuru.

Kesho yake Lefteris alifika, kofia mkononi.

"Tuelewane wenyewe, Anthoula. Hakimu wa nini?"

"Mawe yameshakwenda kwa mwanasheria. Nijibu moja tu. Ulikuwa wewe?"

Alichezea kofia. "Mimi."

"Siku zote?"

"Ulikuwa huli. Ulipoanza kusikia ukaanza kula, ukaanza hata kucheka. Ningekwambiaje?"

"Kwa hiyo ulinifanyia hisani. Mwizi mwenye huruma."

"Sijasema hivyo. Siku nyingine sikuwa na kitu cha kuficha. Niliingia nikagonga tu."

Anthoula alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Alitamani kumrushia kiti. Alitamani na jambo jingine, nalo lilimtia aibu mpaka akageuzia uso ukutani ndipo akaweza kulisema.

"Ingia ugonge," alimwambia. "Mara moja tu, kisha uende zako. Mimi nitakaa huku nje ya mlango."