Chakula cha Kusimama

Tangu wamzike mkewe, fundi wa makochi hakuwa amekaa kwenye meza ya chakula. Alikula karakanani, amesimama, sahani ikiwa juu ya kochi lisilo na kitambaa, mkono mmoja ukila na mwingine umeshika nyundo, kama mtu anayeiba chakula chake mwenyewe.

Sababu aliijua, ila hakumwambia mtu. Katika nyumba ile, tangu walipooana, hakuna aliyekula mezani kabla mtu hajaomba kwa sauti. Na aliyeomba alikuwa mkewe, siku zote. Wanawake wa kanisani walimwita Mama Maombi, na jina lilimkaa sawasawa. Alimweleza Mungu habari za nyumba kama anayemsimulia jirani mwema, kuanzia mvua mpaka mguu wa kiti uliolegea. Fundi aliinamisha kichwa, mwisho akasema amina. Kuomba mbele ya watu kulimshinda, hata mbele ya mtu mmoja. Sasa nyumba imebaki na yeye peke yake. Mtu akila amesimama, alijiambia, hajakaa mezani. Na asiyekaa mezani hajavunja sheria ya nyumba.

Vidonge vya presha navyo vikaingia katika mkumbo huo. Mkewe alikuwa akimpa mara baada ya sala, na glasi ya maji. Sala ilipokoma, fundi akasema amesahau dawa. Lakini mtu hasahau kitu anachokipita kabatini kila asubuhi.

Jumamosi moja mchana, mdogo wa marehemu akabisha hodi. Alikuwa muuguzi, mwepesi wa mdomo, mkononi ana kapu la chakula. Akamkuta fundi na tonge mdomoni.

"Shemeji, sahani imekosa meza?"

"Nina kazi ya haraka."

"Kazi gani? Hilo kochi nililiona hapa siku ya msiba. Karibu litaota majani."

Fundi alitabasamu kidogo. Yule mwanamke alimtania hivyo tangu fundi alipokwenda kwao kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima. Lakini shemeji hakucheka naye. Alikuwa anaitazama shingo yake, jinsi kola ya shati ilivyoizunguka bila kuigusa. Akatoa kipimo cha presha kwenye mkoba, akamfunga mkono, akasoma, akapima tena.

"Mara ya mwisho kumeza dawa ni lini?"

Fundi akageukia dirisha.

"Na kutembea asubuhi?"

"Nitembee na nani?"

"Haya. Twende mezani, nimekuletea chakula."

Alipakua wali, maharage na mboga za majani, akaketi. Fundi akabaki mlangoni, bega limeegemea fremu.

"Wewe kula. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, misumari?"

"Basi omba wewe, ndipo nikae."

"Mimi mgeni, shemeji. Hapa anaomba mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba tumemzika."

Shemeji akaweka kijiko chini taratibu.

"Si kwamba sina maneno," fundi alisema. Alikuwa akiisemesha sakafu. "Maneno ninayo, ndiyo ninayoyaogopa. Dada yako alikuwa akilala mapema, akiamka na sala. Alikula mboga, alitembea, hakugusa kitu kibaya. Mimi nikawa nanung'unika tu kwamba chumvi haitoshi. Akaniambia mwili ni hekalu. Sasa hekalu lake liko wapi? Langu lenye nyufa ndilo limesimama. Nikifumba macho pale, hayo ndiyo yatakayonitoka. Ni sala hiyo?"

Shemeji alikuwa ameona wengi wakifa, waombaji na wasioomba, na hakutaka kumpa maneno ya kadi ya rambirambi.

"Mimi nimemuuliza Mungu hivyo hivyo," alisema. "Kwenye korido ya wodi, nimeshika beseni. Bado hajanijibu. Lakini dada hakuwahi kuniambia anatembea ili asife. Aliniambia anatembea ili akiitwa kwa yule bibi mgonjwa kule mlimani, miguu isimkatae. Na haikumkataa. Wiki ile ya mwisho alipanda."

"Alipanda. Nilimwambia apumzike, hakunisikia."

"Basi yaseme hayo hayo, na hasira yako. Unamkwepa Mungu kama mteja uliyemcheleweshea kochi."

Fundi akaiacha fremu ya mlango. Kisha akavuta kiti chake, akakaa. Akafumba macho, mikono ikiwa imelala pande mbili za sahani. Shemeji akadhani ameshindwa.

"Bwana," alisema hatimaye, sauti ikikwaruza. "Ni mimi. Sauti yangu hujaizoea." "Umemchukua aliyekuwa anaijua kazi hii, ukaniacha mimi. Sielewi, na sitaki kukudanganya kwamba naelewa. Chakula kipo hapa. Amekileta shemeji, ana mdomo mrefu ila ana moyo. Asante kwa chakula." Shemeji akaibana mikono yake mapajani isiende kumshika. "Asante kwa mke wangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kukuambia."

Hakusema amina. Shemeji alingoja, kisha akaelewa kwamba hakuwa amemaliza, ila pumzi zilikuwa zimemwishia. Akamsogezea sahani.

Walikula. Wali ulikuwa umepoa. Fundi alitafuna polepole, kama anayejifunza upya, na machozi yalipodondoka hakuyafuta.

"Yule bibi," akauliza, "nani anakwenda kwake sasa?"

"Hakuna. Anauliza kila siku mbona kimya."

"Mimi sijui kuombea wagonjwa."

"Anapenda kusomewa Zaburi. Kusoma si unajua?"

Fundi akachota maharage mengine.

"Kesho baada ya ibada utanionyesha njia."

"Njia ni ya mlima, shemeji. Kwa presha niliyoiona hapa, nitarudi nimekubeba mgongoni, na mimi migongo yangu bado naihitaji."

"Una mgongo mmoja."

"Ndiyo maana nauogopea."

Fundi akasukuma kiti nyuma, akaenda kabatini mwenyewe, akatoa vidonge, akajimiminia maji.