Gauni la Mishono Nje

Shangazi alikuwa fundi cherehani wa kujisifu, na sifa zilimstahili. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kuuona mshono wake. Mishono yote aliificha ndani, akaipiga pasi ikalala. "Mshono ukionekana," alizoea kusema, "nguo hiyo avae fundi mwenyewe."

Sasa zilibaki siku tatu harusi ya mpwa wake ifike, na magauni matatu yalikuwa yametupwa sakafuni. Msimamizi alikuwa mdogo wake bibi harusi, Kinanda, aliyepewa jina hilo kwa kuguna nyimbo mchana kutwa. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa na usonji. Kila gauni alilovishwa alilivua kabla zipu haijafika juu.

"Linauma," alisema, akaziba masikio.

"Hariri inaumaje, mwanangu?"

"Linauma ndani."

Mama mkubwa akanong'ona, nyumba nzima ikasikia, kwamba atafutwe binti mwingine ili picha zipendeze.

"Asiposimama yeye," bibi harusi akajibu, machozi yakimlengalenga, "sisimamiwi na mtu."

Shangazi akaenda kuchemsha chai kwa hasira. Aliporudi, sinia nusura limponyoke. Kinanda alikuwa amevaa moja la yale magauni, la njano, kaligeuza nje ndani! Nyuzi zote hadharani, lebo inaning'inia shingoni. Alikuwa akizunguka, mikono ikipepea, wimbo umempanda kooni.

"Mvueni! Watu watasema nimezeeka, sijui ndani wala nje!"

Lakini hakuna aliyesogea. Shangazi akaokota gauni jingine, akaingiza mkono, akausugua mshono wake maarufu kwa kiganja. Ulikwaruza kama mwiba wa samaki. Aibu ikamshika. Miaka thelathini alikuwa akiwafichia watu miiba.

Akakaa kwenye cherehani na lile gauni la njano. Akakata lebo, akaiacha mishono nje na kuifunika kwa utepe wa rangi ya chungwa, mmoja baada ya mwingine, Kinanda akimwimbia.

Siku ya harusi Kinanda alisimama kando ya dada yake, akang'aa, mikono ikipepea kwa furaha.

"Mwambieni atulize mikono," mpiga picha aliomba.

"Piga hivyo hivyo," bibi harusi akasema, naye akainua mikono yake, akaipepea hadi shela likamfunika uso. Ukumbi mzima ukaangua kicheko na vigelegele. Kinanda hakulivua gauni mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.

Jumatatu asubuhi, mteja wa kwanza alikuwa mama mkubwa. Alifunga mlango, akachungulia dirishani, kisha akamsogelea shangazi.

"Wifi, nishonee kama la Kinanda."

"Wewe? Na picha zitapendeza?"

"Niache bwana." Akajikuna bega. "Nguo zako zinaniwasha tangu harusi yangu. Nilikuwa naona haya kukuambia."