Puto Alinitapikia Mimi

Nianze na jambo ambalo mdogo wangu hupenda kulisahau: Puto alinichagua mimi. Kituo cha kuokoa wanyama kilicho nyuma ya soko hunipa kazi ya kushona magodoro madogo ya mbwa, na siku hiyo nilikuwa nimesimama ukumbini nikingoja wanikagulie mishono. Mtoto wa mbwa akatoka chini ya benchi, akajikokota mpaka miguuni pangu, akanitapikia kiatu. Mle ukumbini kulikuwa na watu wengine na viatu vingine, tena vizuri kuliko changu. Hakuvitaka.

"Amekupenda huyo," alisema daktari wa wanyama, mama mmoja mfupi ambaye hata akikusalimu unadhani anakuamuru. "Mchukue ukamlee. Si moja kwa moja, ni mpaka tumbo litulie."

Walimwokota jalalani, ambako alikuwa akila chochote kilichopita mbele ya pua yake: mifuko ya nailoni, kamba, maganda. Miguu ilikuwa kama vijiti na tumbo limejaa upepo, ndiyo maana nikamwita Puto. Daktari akanipa masharti. Wali laini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala mafuta, vijiko viwili tu, mara nne kwa siku, na unga wa dawa juu yake.

"Maziwa marufuku. Mifupa marufuku. Na ile huruma ya kumwongezea kidogo, marufuku," alisema. "Akipona tunamtafutia mwenyewe. Aliyemlea ndiye tunayemuuliza wa kwanza."

Jibu langu nilikuwa nalo kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa na kitu changu, na kilikuwa kinanitazama mimi.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mdogo wangu, katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Yeye anasuka nywele katika saluni iliyo ng'ambo ya barabara. Tangu utoto tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na sijawahi kukutana na kiumbe asiyempenda. Mama alimpakata mpaka miguu yake ikawa inaburuza sakafuni. Muuza mkaa humjazia gunia mpaka linashindwa kufungwa, mimi hunipa lililolegea, nusu tupu. Hata yule bwana aliyekuja kuniposa mimi, alipokaribishwa kiti, swali lake la kwanza lilikuwa Kitinda yuko wapi. Nikamfungulia mlango akamtafute vizuri huko nje.

Nami nampenda, ndiyo balaa lenyewe. Jioni alikuwa akitoka saluni anakuja kukaa karibu na cherehani yangu, ananisimulia vituko vya wateja wake mpaka machozi ya kicheko yananizuia kuona tundu la sindano. Puto alipoingia nyumbani, habari hizo zikakoma. Kitinda alianza kupita kwenye cherehani kama anayepita kituo cha mafuta na hana gari. "Hujambo Dada, Puto yuko wapi?" Yote kwa pumzi moja, na jibu la ile hujambo hakulingoja.

Na Puto naye, mtoto asiye na shukrani! Mimi ndiye niliyempikia. Mimi ndiye niliyepiga deki alipohara sebuleni, nikapiga tena alipohara palepale pakiwa bado pabichi. Mimi ndiye niliyefua matambara yake kwa mikono hii. Lakini mlango wa mbele ukilia tu, ananitoka mapajani, anakwenda kujigaragaza miguuni kwa Kitinda na kulia kama mjane. Roho iliniuma. Sitasema ilinichoma kidogo au ilinigusa. Iliniuma, hata nikashona mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo.

Jioni moja Kitinda alikuwa amelala kwenye mkeka, Puto juu ya kifua chake. "Dada," alisema, "siku daktari akiuliza, nataka tuseme ni wangu. Si unaona mwenyewe anavyonifuata?"

Nilisimamisha cherehani. "Wako?"

"Wewe una kazi nyingi."

"Kumbe ni wako! Basi kuanzia leo mlishe wewe. Mpikie wewe. Na mavi yake yakiwa sakafuni, usiniite."

"Nitamlisha."

"Wewe? Wewe unayeunguza maji?"

"Nimesema nitamlisha, Dada." Akaondoka na Puto mikononi, akafunga mlango wa chumba chake taratibu. Angeubamiza ningemsamehe.

Sikuamini hata neno moja. Kitinda hajawahi kupika wali usiokuwa na mkaa chini na mchele mbichi juu. Kwa hiyo asubuhi nikaamka, nikachemsha wali na kuku, nikampa Puto vijiko vyake viwili jikoni kama kawaida, nikajua yale yalikuwa maneno ya hasira tu, yangu na yake.

Ila tulinuniana. Tulinuniana kwa ustadi ambao ndugu wa tumbo moja pekee ndio wanao. Sufuria yangu upande huu wa jiko, yake upande ule, wala sikuifunua kuona anapika nini, na katikati pengo la kupita paka. Palipokuwa na la lazima, tulimtuma Puto.

"Puto, mwambie mama yako mdogo ufunguo uko dirishani."

"Puto, mwambie mama yako mkubwa nimeuona."

Puto alitazama huku, akatazama kule, akajamba. Zamani tungeanguka chini kwa kicheko. Safari hii kila mmoja aligeukia ukuta wake.

Badala ya kupona, Puto akazidi kuugua. Tumbo lililokuwa limeanza kunywea likavimba tena. Kuhara kukarudi, na kutapika juu yake. Nikajua kuna mkono wa mtu. Maziwa! Kitinda anamnywesha maziwa kule chumbani amwibie moyo, kwa nini kingine mbwa amwache mpishi amfuate msusi? Alipokwenda kazini niliingia chumbani kwake nikapekua ndoo ya taka, sikuona hata pakiti moja ya maziwa. Nikainama kunusa mdomo wa Puto. Ulinuka kuku tu, nami nikadhani ni kuku wangu. Mchana Kitinda alivuka barabara kuja nyumbani, akajifungia na Puto, akarudi kazini. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikia anamwita "mwanangu". Mwanangu! Mwana niliyemfulia matambara mimi.

Siku iliyofuata Puto alijilaza chini ya cherehani, akakataa kuinuka. Tumbo lilikuwa limekaza, nikiligusa analia. Macho yake yalinipita kama hanijui. Nilitoka hadi barabarani, nikapaza sauti mpaka wauza nguo wakageuka.

"Kitinda! Puto anakufa!"

Alikuja mbio, kitana bado kimechomekwa kichwani, mteja amemwacha na kichwa nusu shamba nusu msitu. Tulimfunga Puto ndani ya kanga yangu, yeye akashika kichwa, mimi mkia, na tulikwenda hivyo mpaka kituoni bila kutazamana.

Daktari alimlaza mezani, akambonyeza tumbo, akamsikiliza. Ukumbini, watu waliokuja na wanyama wao walinyamaza wasikose neno.

"Amekula nini?"

"Wali na kuku wa kuchemsha," nilisema.

"Bila chumvi," alisema Kitinda.

"Vijiko viwili."

"Mara nne."

"Na dawa juu yake."

Daktari alituangalia kwa zamu. "Vizuri. Nani anamlisha?"

"Mimi," tulisema wote wawili.

Nilimgeukia Kitinda. Naye alikuwa amenigeukia, mdomo wazi.

"Si ulisema nimlishe mimi?" aliuliza.

"Nilisema kwa hasira! Nani alikwambia unisikilize?"

"Nimekusikiliza maisha yangu yote, Dada."

Mtu mmoja mwenye sungura kapuni akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa koti lake.

"Huyu mbwa hana ugonjwa mpya," alisema. "Anakula mara nane kwa siku, na dawa mara mbili ya kipimo. Tumbo lake halijapata hata nafasi ya kupumua. Nyinyi mmemlea kama mafahali wawili katika zizi moja, na zizi lenyewe ni hili tumbo. Nitamtibu, lakini simrudishi kwenye sufuria mbili. Sufuria moja, mkono mmoja. Mkishindwa kuamua, kuna familia nyingine inamngoja."

Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa tayari kupigana. Nilikuwa nimeshapanga la kiatu, la matambara, la deki.

"Apewe Dada," alisema Kitinda. Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hakuyafuta. "Yeye ndiye aliyemchukua. Mimi sitamgusa tena mpaka apone."

Ukumbi mzima ukamhurumia. Mwenye sungura alimpa kitambaa. Daktari mwenyewe, yule wa chuma, alimpapasa bega. Na mimi niliyeshinda nilisimama pale nimeshika mkia, hakuna aliyenipa hata kiti. Hata kushindwa kwake kulipendeza! Nilimwonea wivu kwa machozi yale.

Kitinda akishika neno, ameshika. Puto aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kukaa mbele ya mlango wa chumba chake, akalia. Mlango haukufunguliwa. Nilimletea wali, akaula haraka haraka akiutazama mlango, akarudi kulia. Nilisikia upande wa pili Kitinda akipenga kamasi. Kesho yake alitoka na begi.

"Nakwenda kukaa kwa mwenzangu wa saluni," alisema. "Akinisikia hatulii. Tumbo likipona tutaona."

"Sawa," nilisema. Nilikuwa na pini mdomoni, lakini hata bila pini nisingesema zaidi.

Sasa Puto akawa wangu kweli. Sufuria moja, mkono mmoja, vijiko viwili. Tumbo likanywea, manyoya yakaanza kung'aa, na asubuhi moja alitoa choo kigumu, chenye umbo, kizuri hasa, mpaka nikamwita jirani aje akione. Jirani alikuja, akakitazama, akasema hongera, akaondoka upesi. Daktari alipompima aliridhika. "Huyu ni wako," aliniambia. "Umeweza."

Nilirudi nyumbani na mbwa wangu, nikakaa kwenye cherehani yangu, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyenipita mlangoni kumkimbilia Puto. Nilingoja furaha ije. Kutoka ng'ambo ya barabara kikaja kicheko cha Kitinda, kile cha juu kinachomalizikia puani, na wanawake wengine wakicheka naye. Anawasimulia nini? Nilichomwa na wivu juu ya wale wateja wake, wote, na vichwa vyao. Puto alisimamisha masikio. Na mimi nilikuwa nimesimamisha yangu.

Nikamfunga kamba shingoni. Nilijiambia nakwenda kumringishia Kitinda, aone mbwa anavyonenepa katika mikono ya anayejua kupika.

Saluni ilikuwa imejaa. Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya mteja, vidole vinakwenda. Puto alipomwona alinichomoka mkononi, kamba ikimfuata, akaruka. Kitinda akatupa kitana.

"Puto wangu! Hebu muone! Umenenepa, tumbo liko wapi, nani kakufichia tumbo?" Alimbusu pua, akambusu masikio, wanawake wakapiga vigelegele, na Puto akamlamba mpaka hina ya nyusi ikahama.

Nilisimama mlangoni mikono mitupu.

"Na mimi je?" nilisema.

Sikukusudia kulisema kwa sauti. Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele, na neno langu likabaki peke yake mle ndani.

"Wewe nini, Dada?"

"Na mimi nimekuja. Nimesimama hapa. Hujaniuliza hali, hujaniuliza nimekula nini, hujui kama nimelala." Sauti ilianza kunivunjikia. "Unaingia unauliza Puto, unatoka unaaga Puto. Tangu mbwa huyu aje, mimi hunioni."

Nilijisikia mwenyewe nilivyosema, mwanamke mzima mwenye mvi, mbele ya vichwa vilivyosukwa nusu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wivu wangu ulikosea nyumba. Siku zote nilidhani namwonea wivu Kitinda kwa sababu ya mbwa. Nilikuwa namwonea wivu mbwa.

Kitinda alimhamishia Puto begani. "Dada, mimi nilidhani unamtaka Puto."

"Namtaka. Lakini wewe urudi nyumbani."

Akamweka Puto chini. Alikuja na mikono iliyojaa mafuta ya nywele, akanikumbatia hivyo hivyo, gauni langu jipya likaharibika mgongo mzima, na sikumwambia kitu. Alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyempa kitambaa, alijifutia kwangu. Puto akaanza kubweka. Akajipenyeza kati ya miguu yetu, akakwaruza sketi ya Kitinda, akarudi kukwaruza yangu, akalia kwa uchungu.

"Jamani, muoneni," alisema yule mteja wa kitini. "Anaona wivu!"

"Mwache aone," nilisema, nikazidi kumkumbatia mdogo wangu.