Wachochezi wa Dorcas

Saa mbili asubuhi, Mei 1864, Isom Boykin alipanda juu kutoka chumba cha tanuri la boti kumwaga majivu katika mto James. Ndiyo sababu kombora la waasi wa Kusini, waliopigania utumwa, lilipotoboa ubavu wa Dorcas, boti ya kuvuta manowari za Kaskazini, mvuke haukumkuta chini. Uliwakuta wachochezi wenzake watatu, mmoja wao Gilead, mdogo wake, aliyetoroka naye utumwani kwenye shamba la tumbaku. Ngozi ziliwavuka kama soksi. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamekufa, na Isom akawafunika turubai.

Bomba la mvuke lililopasuka lilipozibwa, aliwakuta wafu wale watatu tanurini, mabeleshi mkononi.

"Gilead, si umekufa wewe?"

"Nimekufa, kaka. Hebu sogea, unanizibia makaa."

Isom alikwenda kuomba ruhusa ya kuzika. Kapteni Whitcomb alikuwa akiandika ripoti. Alichungulia chini.

"Wanapiga kazi?"

"Wanapiga, Bwana Kapteni. Lakini ni maiti."

"Maiti gani anachochea moto? Usinipotezee wino."

Akaandika: hakuna aliyekufa.

Mwaka mzima Dorcas ilivuta meli zilizovunjika, risasi zikinyesha. Siku moja iliburuta manowari inayowaka. Mabaharia wakajirusha majini na moto mgongoni, mapanga ya rafadha ya boti yakawakatakata, maji yakawa mekundu mpaka ukingoni. Risasi ilipenya shingo ya Gilead. Ukamwagika unga wa makaa. Akaziba tundu kwa tambara, akaendelea.

"Inauma?" Isom aliuliza.

"Inawasha."

Vita vilipokwisha, walio hai walipewa barua za kuachiwa waende nyumbani. Wafu hawakuwa na barua, kwa kuwa hakuna aliyejua awaandikeje, hai au maiti. Boti iliuzwa kwa mfanyabiashara wa matofali wa Norfolk, nao wakaenda nayo. Isom alimshika mdogo wake mkono amteremshe. Mlinzi akampiga kitako cha bunduki, meno mawili yakamtoka.

"Niache, kaka," alisema Gilead. "Moto utazimika."

Isom alitema damu, akashuka peke yake.

Lettie, mke wa Gilead, alikuja na gauni jeusi la kuazima.

"Shemeji, kaburi liko wapi?"

"Linapita hapa kila Jumanne."

Jumanne hiyo walisimama gatini na mchungaji. Dorcas ikapita polepole, ikivuta tishari la matofali. Mchungaji alisoma maombi ya wafu, akalitaja jina la Gilead Boykin kwa sauti kubwa, mara mbili. Gilead alitoka mlangoni, akamwona mkewe, akavua kofia. Alisikiliza hadi msimamizi alipomfokea. Akaivaa, akarudi tanurini.

"Amekonda," alisema Lettie.