Mvuke Si Chanzo cha Habari

Bi Vichwa alikuwa anapunguza herufi kwenye habari ya bei ya saruji wakati mvuke ulipoingia chumba cha habari. Uliingia kwa mlango, kistaarabu, ukapita katikati ya meza za michezo na kwenda kukaa kwenye kiti kitupu kando yake. Ukubwa wake ulikuwa kama mto wa kulalia, na ulinukia embe la dukani, lile lisilowahi kuwa na kokwa. Mlinzi wa mapokezi alikuja nyuma yake akihema. Alisema mgeni amekataa kutaja jina, na kila akimbandika kitambulisho kinaanguka chini. Akakiweka mezani, akarudi mapokezi.

Bi Vichwa aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika vichwa vya habari, kazi ambayo ukikosea unajulikana na ukipatia hakuna anayekujua. Mvuke ule aliutambua kabla haujatulia. Ulikuwa wa mtoto wa dada yake, kinyozi, ambaye alikuwa amelazwa hospitalini, kidevu na shingo vimezungushiwa bandeji.

Kilichompata kinyozi ni hiki. Alivuta sigara ya umeme kibarazani, akaizima, akaitia mfuko wa kifuani wa koti lake jeupe, akarudi ndani kumalizia ndevu za mteja. Pumzi ya mwisho ya mvuke alikuwa bado kaibana. Sigara ikalipuka. Mdomo ukamfunguka, mvuke ukatoka, na sauti yake ikatoka nao. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima kabisa, ila sauti haimo, na akaendelea na wagonjwa wengine.

Taarifa ilipofika gazetini haikuwa na jina. Ilisema kinyozi mmoja. Bi Vichwa aliandika: "Sigara ya umeme yalipuka mfukoni mwa kinyozi." Mhariri Mkuu akapita nyuma ya kiti chake, akasoma, akaguna. Katika gazeti lile kitu hakikuwahi kutenda. Breki hazikukatika, dereva alizembea. Ukuta haukuanguka, fundi alipita chini yake bila kutazama juu.

"Kitu hakina nia, Bi Vichwa," alimwambia, kama alivyomwambia kila mara, akainama na kuifuta ile k ya 'yalipuka' kwa kidole chake mwenyewe, kisha akamsogeza kinyozi mbele.

Kesho yake gazeti likatoka: "Kinyozi alipua sigara ya umeme mfukoni." Chini yake kulikuwa na sentensi ambayo kompyuta ilikuwa imeihifadhi tayari kwa mikasa ya namna hiyo, kwamba watumiaji wanakumbushwa kuwajibika. Chini ya sentensi, nusu ukurasa mzima, lilikuwepo tangazo la wenye kuuza sigara hizo, kijana amecheka mpaka gego. Herufi moja ilikuwa imetolewa, na lawama yote ikamwangukia mtu aliyekuwa ananyoa ndevu.

Dada yake Bi Vichwa, mama wa kinyozi, alisoma gazeti kabla hospitali haijampigia simu. Alikuwa msomaji wa dhati wa gazeti lile tangu mdogo wake alipoajiriwa pale, kwa hoja kwamba kila kilichomo kimepita mikononi mwa ndugu yake wa tumbo moja, na ndugu yake si mwongo. Alipoambiwa kinyozi ni nani, alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikuwa amemkanya mwanawe kuhusu sigara hizo mpaka ulimi ukaota sugu. Hakwenda hospitali. Majirani walimsihi, shemeji zake wakamsihi, akawajibu kuwa mtu aliyejilipua mwenyewe ajitembelee mwenyewe.

Bi Vichwa ndiye aliyekwenda kila jioni. Kinyozi alikuwa hataki kunywa hata maziwa. Mlango ukifunguka anageuza macho, akiona si mama yake anayafumba. Mkono wake ulikuwa unapungua ndani ya mkono wa mama yake mdogo, na Bi Vichwa alikuwa anaogopa, anaogopa hasa, kwamba safari moja ataushika asiukute.

Ofisini watu waliuzoea mvuke upesi. Mwandishi wa michezo alifungua dirisha, mvuke haukutoka, akafunga. Alipoupitia kwenda kuchukua chai aliuvuta bila kukusudia, akasema kwa sauti ya kinyozi, "Ilikuwa imezimwa." Kisha akauliza kwa sauti yake nani kaondoka na kijiko. Mpaka kufikia adhuhuri nusu ya chumba ilikuwa imeshasema hivyo, na chai ilikuwa imepoa.

Bi Vichwa akaenda kuomba masahihisho. Hakuomba makubwa; alitaka k irudi mahali pake. Mhariri Mkuu hakuwa peke yake. Alikuwa na wakala wa wenye sigara, aliyekuja kulalamika kwamba ukurasa wa nne ulikuwa umetumia neno moshi.

"Si moshi," wakala alikuwa anasema kwa subira ya mwalimu wa chekechea. "Ni mvuke."

Mvuke ukapita chini ya mlango, ukapanda, ukasimama mbele ya uso wake. Wakala alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kuendelea. Akauvuta.

"Niliizima," akasema kwa sauti ya kinyozi. "Nikasikia inachemka kifuani." Akameza mate, na pumzi iliyobaki ikatoka na sauti yake mwenyewe: "Betri za shehena ile huchemka hata zikizimwa. Sisi tunajua tangu mwaka jana." Akanyoosha tai yake.

Bi Vichwa akamgeukia Mhariri Mkuu.

"Mkuu, umesikia."

"Nimesikia," alisema Mhariri Mkuu. "Nani kasema?"

Wakala akaeleza kwa upole kwamba yeye hajasema. Mdomo wake umetumika tu. Mhariri Mkuu akaafiki. Gazeti lina taratibu zake, alisema, na mvuke si chanzo cha habari. Hauna jina, hauna cheo, na ukiupiga picha unatokea ukungu.

"Una sauti ya mwanangu," alisema Bi Vichwa.

"Ndiyo hivyo. Basi una upande."

Wakala akashukuru kwa uadilifu huo. Aliomba tu kwamba ile sentensi ya watumiaji kuwajibika iwekwe kwa herufi nzito, na ikawekwa.

Bi Vichwa hakuaga. Alifungua mkoba wake, mvuke ukaingia wenyewe, akaenda nao moja kwa moja kwa dada yake. Gazeti limekataa, alijiambia njiani, lakini mama ni mama. Alimkuta anapiga pasi. Hakuanza na salamu; alimfungulia mkoba chini ya pua.

"Dada, vuta pumzi."

Dada akavuta. Pasi ikasimama juu ya shati.

"Mama," dada akasema kwa sauti ya mwanawe, "nilikumbuka maneno yako, nikaizima."

Akaiweka pasi pembeni, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekifungia wakati wote ule. Bi Vichwa akalia naye. Alipoona wametulia alimshika mkono amwinue, akamwambia wafanye haraka, saa za kuwaona wagonjwa hazijaisha.

Dada alifuta machozi, lakini hakuelekea mlangoni. Alikwenda chumbani kwa mwanawe, akatandika shuka safi, akapigapiga mto. Mvuke ukatoka mkobani, ukajilaza pale. Akaufunika mpaka kati.

"Dada, na yule?" aliuliza Bi Vichwa. "Hali, hanywi. Anakungoja wewe."

"Yule yupi?"

"Mwanao."

"Mwanangu huyu hapa. Huyu aliizima." Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yule wa hospitalini alilipua. Kama si kweli, mbona hamjaandika?"

Bi Vichwa alifungua kinywa ajibu. Dada akamwekea kidole mdomoni, akafunga dirisha ili upepo usiingie, akamwomba ateremshe sauti, mtoto amelala.