Dole Gumba la Rahabu

Rahabu hakujaliwa mtoto, na kijiji kile kilicho milimani juu ya Mlola kilimkumbusha hilo kana kwamba mwenyewe kasahau. Mwaka sabini na nne, watu walipokuwa wakipangwa upya katika kijiji cha ujamaa, Paskali, katibu wa kijiji, akaja mkutanoni na karatasi: shamba la Rahabu la bondeni, aliloachiwa na mama yake, apewe mwenye watoto. Na hilo shamba la kabichi ndilo lililomlisha na kumvisha. Hakuwa na lingine.

"Weka dole gumba hapa, mgumba," Paskali alisema, akimsogezea wino. "Ni ndugu yako huyo!"

Watu wakacheka. Rahabu akausukuma wino kando.

"Kwanza, Paskali, shikamoo yangu iko wapi? Mimi na mama yako si rika moja?"

Paskali akamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa nikufundishe hilo neno unalolichezea. Bibi yangu alinieleza kuwa wazee walivitazama vidole, wakaona vinne vimepangana kama watoto wa tumbo moja, na kimoja kimekaa kando peke yake. Wakakiita gumba, kama tasa. Haya! Kikunje hicho tasa chako, ushike jembe, ulime tukuone."

Majembe yalikuwepo tele, maana watu walitoka moja kwa moja shamba la ujamaa. Mzee Mika, mwenyekiti, akasema, "Lima, katibu." Paskali akajaribu. Jembe likamponyoka mara mbili, na kicheko kikahamia kwake.

Lakini kicheko hakirudishi shamba. Karatasi bado ilikuwa mezani. Rahabu akaivuta, akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa katika kisomo cha watu wazima: "Ni-me-ku-ba-li kwa hi-a-ri ya-ngu."

"Hiari ya nani?" akamuuliza Paskali. "Yako au yangu?"

Akachomoa kalamu mfukoni mwa Paskali, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: SIKUBALI. RAHABU SEFANIA. Ilimchukua muda mrefu.

Huko nyuma akainuka Zainabu, mjane ambaye naye hakuzaa, dole gumba lake lingali na wino wa jana.

"Katibu," alisema, "ile karatasi yangu uliyonisomea wewe, ilete hapa. Leo atanisomea Rahabu."